Si Dawa Imkataayo Mtu

Katika zahanati na vituo vya afya kote nchini, mgonjwa anapoulizwa kwa nini hataki kupewa dawa fulani, aghalabu hujibu kwa maneno matatu: "Dawa hiyo hunikataa." Mganga huelewa, huandika dawa nyingine, na foleni husonga mbele. Maneno hayo yamekuwa sehemu ya lugha ya kila siku, wala hakuna ayashangaaye. Hata hivyo, yakichunguzwa kwa makini, yanayaweka mambo kichwa chini miguu juu. Dawa haina akili wala hiari ya kumkataa mtu. Unaokataa ni mwili wa mgonjwa mwenyewe, tena kwa silaha zile zile uliojaliwa kwa ajili ya kujilinda na maradhi. Kulielewa jambo hili si anasa ya wataalamu. Ni jambo la kufa na kupona, na linawahusu walimu na watumishi wa umma kama linavyowahusu waganga.

Mwili wa binadamu una ulinzi wake ambao haulali usiku wala mchana. Chembechembe nyeupe za damu huzunguka kila mahali, huchunguza kila kigeni kinachoingia, hupambana nacho na, muhimu kuliko yote, hukikumbuka. Kumbukumbu hiyo ndiyo msingi wa chanjo zote. Mtoto aliyechanjwa surua hulindwa kwa sababu mwili wake umekwisha kumtambulishwa adui, na siku adui huyo atakapobisha hodi atakuta walinzi wamejiandaa. Lakini kumbukumbu hiyo hiyo ikikosea, huwa balaa. Wahenga walisema kwamba mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mwili wenye mzio wa dawa hufanana na mtafunwa huyo, ila tofauti yake ni kwamba hapakuwa na nyoka tangu mwanzo. Unyasi wenyewe ndio uliodhaniwa kuwa nyoka.

Jambo hilo liliwashangaza hata wataalamu wa kwanza waliokutana nalo. Mwaka 1902 Wafaransa wawili, Charles Richet na Paul Portier, walitangaza matokeo ya majaribio yao juu ya mbwa waliodungwa sumu ya kiumbe mmoja wa baharini. Walitarajia kwamba mbwa aliyenusurika na dozi ya kwanza angekuwa na kinga zaidi. Kinyume chake, mbwa huyo alipopewa dozi ndogo sana majuma kadhaa baadaye, alikufa katika muda mfupi. Ulinzi uliotarajiwa kumwokoa ndio uliomwangamiza. Kwa kazi hiyo Richet alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1913. Naye daktari wa Austria, Clemens von Pirquet, ndiye aliyebuni mwaka 1906 neno ambalo Waswahili wamelipokea kwa matamshi ya aleji, na ambalo kwa Kiswahili fasaha huitwa mzio.

MTEGO WA PENISILINI

Penisilini ni mfano ulio wazi kuliko yote. Dawa hiyo, iliyogunduliwa na Alexander Fleming mjini London mwaka 1928, imeokoa maisha ya mamilioni ya watu na hadi leo ni tegemeo la hospitali zetu. Penisilini ni kitu kidogo mno, kiasi kwamba walinzi wa mwili wakiikuta peke yake hawaishughulikii. Lakini ikiingia katika damu hujishikiza kwenye protini za mwili wenyewe, na protini iliyoshikwa hivyo hubadilika sura. Ni kama raia mwema aliyevishwa sare asiyoifahamu mlinzi wa lango. Mlinzi akimwona humdhania adui.

Kwa watu walio wengi hakuna linalotokea. Kwa wachache, mwili hutengeneza kingamwili za aina ijulikanayo kitaalamu kwa jina la imunoglobulini E, ambazo zilitambuliwa na watafiti katika nchi za Marekani na Sweden kati ya mwaka 1966 na 1967. Kingamwili hizo hujipachika juu ya chembe ziitwazo masti, ambazo zimetanda katika ngozi, njia ya hewa na utumbo, na ambazo ndani yake zimehifadhi kemikali kali, mojawapo ikiwa ni histamini. Hapo ndipo mtego unapotegwa. Siku hiyo mgonjwa haoni lolote. Hupona na kurejea kazini akiisifu dawa.

Miezi au miaka baadaye mtu huyo huumwa tena na kudungwa dawa ile ile. Safari hii kingamwili huinasa mara moja, na chembe za masti humwaga shehena yake yote kwa mkupuo. Katika dakika chache mishipa midogo ya damu hutanuka na kuvuja, ngozi hututumka na kuwasha, midomo na koo huvimba, njia ya hewa hubana, na shinikizo la damu huporomoka. Asipotibiwa upesi, mtu aliyeingia zahanati kwa miguu yake huweza kutolewa humo akiwa maiti. Ndiyo maana hoja isemayo, "Dawa hii nilikwisha kuichoma na haikunidhuru," si dhamana ya kutosha. Mara ile isiyodhuru ndiyo huenda ilitega mtego.

Dawa ya hatari hiyo inajulikana, na bei yake ni nafuu. Ni adrenalini, ambayo huchomwa katika msuli wa paja bila kuchelewa, huku mgonjwa akiwa amelazwa, asisimamishwe wala kutembezwa. Vidonge vya kutuliza mwasho haviwezi kuchukua nafasi yake, kwa kuwa havifungui koo lililoziba wala haviinui shinikizo la damu lililoanguka. Kwa hiyo chumba cha sindano kisichokuwa na adrenalini karibu ni kama basi lililojaza abiria bila breki. Na mgonjwa anayeambiwa asubiri nusu saa baada ya kuchomwa sindano asidhani anapotezewa muda; nusu saa hiyo ni sehemu ya tiba yake.

MZIO UENDAO POLEPOLE

Si kila mzio hufyatuka kwa dakika. Ipo namna nyingine ambamo kingamwili hazihusiki sana, bali chembechembe nyeupe za damu zenyewe huishambulia ngozi ya mwenyewe baada ya siku kadhaa, na mara nyingi baada ya wiki moja hadi nne tangu dawa ilipoanza kutumika. Mgonjwa hupata homa, macho huwa mekundu, vidonda hutokea mdomoni na sehemu za siri, na ngozi hububujika malengelenge na kubanduka mithili ya mtu aliyeungua moto. Hali hiyo ilielezwa mwaka 1922 na madaktari wawili wa Marekani, Albert Stevens na Frank Johnson, na hadi leo inaitwa kwa majina yao. Huweza kuua, na wengine wanaopona hubaki na upofu. Dawa zinazojulikana kuisababisha ni pamoja na zile za jamii ya salfa, kama kotrimoksazoli ambayo wengi huiita Septrin, baadhi ya dawa za kifafa kama karbamazepini, na nevirapini ya kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI. Kwa sababu hiyo nevirapini ilianzishwa kwa nusu dozi katika siku 14 za mwanzo, ili kupunguza hatari ya ukurutu.

Afrika Mashariki ina fundisho lake juu ya jambo hili, nalo lilipatikana kwa gharama ya uhai wa watu. Katika vita dhidi ya kifua kikuu, dawa ya thiasetazoni ilitumika kwa miaka mingi Tanzania na Kenya kwa sababu ilikuwa ya bei ndogo. Ulipoingia UKIMWI, wagonjwa wengi waliokuwa na virusi vyake walianza kubanduka ngozi. Mwaka 1991 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Nairobi, yakaonyesha kwamba wenye virusi walidhuriwa na dawa hiyo mara nyingi kuliko wasiokuwa navyo, na baadhi yao walikufa. Shirika la Afya Duniani likashauri wasipewe tena, na ethambutoli ikachukua nafasi yake.

Mtu angeweza kudhani kwamba mwili uliopungukiwa kinga usingekuwa na nguvu za kuikataa dawa. Kumbe sivyo. Mzio hautokani na wingi wa kinga, bali na kuvurugika kwa mpango wake. Jeshi lililopoteza makamanda huweza kuwafyatulia risasi raia wake. Lakini liko fundisho kubwa zaidi. Ukweli ule ulijulikana kwa sababu wapo waliowahoji wagonjwa, wakahesabu, wakaandika na kulinganisha. Kama kila kifo kingalihesabiwa tu kuwa ni cha kifua kikuu au cha UKIMWI, dawa ile ingaliendelea kutolewa, na hakuna ambaye angalijua.

YASIYO MZIO

Pamoja na hayo, lazima isemwe wazi kwamba si kila adha ya dawa ni mzio. Walimu na watumishi wa makamo wanaikumbuka vyema klorokwini, iliyokuwa tiba ya kwanza ya malaria nchini hadi mwaka 2001. Wengi waliimeza na kisha kukesha wakijikuna. Mwasho ule uliwapata Waafrika wengi sana, lakini haukuwa kazi ya kingamwili. Dawa yenyewe iliamsha mishipa ya fahamu ya ngozi. Ulikuwa adha kubwa, lakini haukuwa ule mzio uzibao koo. Vivyo hivyo, kichefuchefu baada ya kumeza vidonge, au kuharisha kwa sababu ya dawa ya kuua vijidudu, ni madhara ya kawaida ya dawa ambayo hayatokani na kinga ya mwili.

Kuchanganya mambo haya kuna gharama yake. Nchini Marekani takribani mtu 1 katika kila 10 huhesabiwa kuwa na mzio wa penisilini, lakini wanapopimwa na wataalamu, zaidi ya 9 katika kila 10 miongoni mwao huonekana kuwa wanaweza kuitumia bila dhara. Hata kati ya wale waliokuwa na mzio wa kweli, wapatao 8 katika 10 huupoteza baada ya miaka 10 hivi. Anayesingiziwa mzio hupewa dawa nyingine, mara nyingi ya bei kubwa zaidi na yenye kuua vijidudu vya aina nyingi zaidi, na hivyo kuchochea usugu wa vijidudu ambao ni tishio kwa taifa zima. Mama mjamzito mwenye kaswende yumo katika hatari kubwa kupita wengine, kwa kuwa sindano ya penisilini ndiyo tiba inayotegemewa kumponya yeye pamoja na mtoto aliye tumboni. Neno moja lililosemwa ovyo miaka kumi iliyopita, "hunikataa," laweza kumnyima mtoto huyo haki ya kuzaliwa mzima.

Basi wapo watu wa namna mbili wanaopotea kwa sababu moja: yule mwenye mzio wa kweli ambaye hakuna aliyeuandika, na yule asiye na mzio ambaye amebandikwa jina hilo bila uchunguzi. Wa kwanza hupewa dawa itakayomuua. Wa pili hunyimwa dawa ambayo ingemponya. Wote wawili wanakosa kitu kimoja, nacho ni maandishi sahihi.

DAFTARI

Hapa ndipo penye kiini cha mambo. Mwili husahau polepole, lakini binadamu husahau upesi. Mgonjwa aliyevimba uso miaka mitano iliyopita anakumbuka kwamba alivimba, lakini hajui dawa iliitwaje, anachojua ni kwamba ilikuwa "sindano nyeupe" au "vidonge vya rangi mbili." Taarifa kama hiyo haimsaidii mganga. Wahenga walikwisha kuonya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na hakuna mali kubwa kuliko uhai. Wananchi wengi huenda kwenye matibabu na daftari la shule wanalotumia kuandikiwa maradhi na dawa. Daftari hilo, dogo na la bei nafuu, linatosha kuokoa maisha endapo ukurasa wake wa kwanza utaeleza mambo manne: jina la dawa, tarehe, kilichotokea, na muda uliopita tangu dawa itumike hadi kilipotokea. Mambo hayo manne humwezesha mtaalamu kutofautisha mwasho na mzio, na mzio wa dakika na ule wa majuma.

Serikali kwa upande wake imekwisha kuweka njia. Tangu mwaka 1993 Tanzania ni mwanachama wa mpango wa Shirika la Afya Duniani wa kufuatilia madhara ya dawa, mpango ulioanzishwa mwaka 1968 baada ya dunia kushuhudia watoto wakizaliwa na vilema kwa sababu ya dawa ya thalidomaidi. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba hupokea taarifa za madhara hayo kutoka kwa watumishi wa afya na hata kwa wananchi wenyewe, na taarifa za mataifa wanachama hukusanywa katika kituo kilichoko Uppsala nchini Sweden. Lakini njia isiyopitwa huota majani. Fomu iliyobaki kabatini haimwonyi mtu yeyote, na mtumishi anayeona kuijaza ni usumbufu hajaelewa kwamba anaandika kwa niaba ya mgonjwa ambaye bado hajaugua.

Yapo pia mazoea ya wananchi ambayo hayana budi kukemewa. La kwanza ni ile imani kwamba asiyechomwa sindano hajatibiwa. Sindano hupeleka dawa mwilini kwa haraka, na kwa mwenye mzio hupeleka hatari kwa haraka hiyo hiyo. Palipo na kidonge kinachotosha, kudai sindano ni kujitafutia balaa. La pili ni kununua dawa kwa kubahatisha. Mpango wa Maduka ya Dawa Muhimu, ulioanzia Mkoa wa Ruvuma mwaka 2003, ulikusudiwa kuwafikishia wananchi dawa salama kutoka kwa wauzaji waliofunzwa, wala haukukusudiwa kumgeuza kila mnunuzi kuwa mganga. Inasikitisha kwamba baadhi ya watu wenye elimu ndio walio mstari wa mbele kutaja dawa waitakayo, kulipa na kuondoka, bila kuulizwa swali hata moja na bila kukubali kuulizwa.

Wapo watakaosema kwamba foleni ni ndefu, watumishi ni wachache, malaria na kifua kikuu bado vinaua, na kwa hiyo habari za mzio ziachiwe nchi tajiri. Hoja hiyo ina ukweli nusu. Ni kweli kwamba vipimo vya kitaalamu vya mzio havipatikani kila wilaya. Lakini swali "Je, kuna dawa iliyowahi kukudhuru, na ilikudhuru vipi?" halihitaji mashine wala fedha za kigeni, na jibu lake huandikwa kwa kalamu ile ile inayoandika jina la mgonjwa. Nchi isiyokuwa na vitanda vingi vya wagonjwa mahututi ndiyo inayopaswa kuuliza zaidi, kwa kuwa haina anasa ya kurekebisha makosa.

Mwalimu ana nafasi ya pekee katika kazi hii. Ndiye anayewagawia wanafunzi dawa za kichocho na minyoo siku za kampeni, ndiye anayeitwa mtoto anapoanguka darasani, na ndiye anayemfundisha mtoto kuandika. Shule ikiweka katika kumbukumbu za kila mwanafunzi mstari mmoja wa dawa zilizowahi kumdhuru, na mzazi akaujaza kwa ukweli siku ya kuandikisha, taifa litakuwa limepata daftari la kizazi kizima. Mtumishi wa umma naye, ambaye kazi yake ya kila siku ni majalada, anajua kuliko wengine kwamba jambo lisiloandikwa ni kama halikutokea. Aanze na jalada la afya yake na la watoto wake.

Hili si jambo geni kwa nchi yetu. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio, kusoma na kujadili, kisha wakatoka na majembe kuchimba vyoo na kufukia madimbwi. Walioongoza vikundi hivyo hawakuwa madaktari. Walikuwa wananchi wa kawaida, walimu wakiwa miongoni mwao. Kampeni ile ilithibitisha kwamba maarifa ya afya yakitolewa kwa lugha ya watu hayabaki kuwa siri ya wenye makoti meupe. Kama wakati ule wananchi waliweza kuelewa kwamba mbu ndiye aletaye malaria, leo hawawezi kushindwa kuelewa kwamba mwili wenyewe huweza kumdhania rafiki kuwa adui.

Adui ujinga na adui maradhi hutembea pamoja, na katika suala la mzio wa dawa wameshikana mikono. Kumshinda wa kwanza hapa ni kujua kwamba mwili ndio unaokataa, kwamba hukataa kwa kumbukumbu, na kwamba kumbukumbu hiyo lazima ipate nakala katika maandishi. Mgonjwa atakaposema tena, "Dawa hiyo hunikataa," mganga asiishie kubadili dawa. Amwulize ni dawa gani, ilikuwa lini, na ilimfanya nini, kisha aandike.